Mgonjwa ni mmoja, kwa nini mafaili matatu?

Mwaka jana nilikaa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya karibu na mpaka wa Rusumo nikiwa na bahasha ndogo ya dawa mkononi. Ni ile bahasha ya karatasi ambayo kila mtu aliyeishi Tanzania anaijua: imechapwa maneno "kutwa mara", halafu mtoa dawa anajaza namba kwa kalamu. Namba zilisomeka. Jina la dawa lilikuwa limefutika kwa jasho la mfukoni.

Kando yangu alikaa mtoto wa shangazi yangu, ameinamisha kichwa, anatikisa mguu bila kukoma. Muuguzi aliipokea bahasha, akaigeuza huku na huku, akaniomba nimsomee Kiswahili kilichoandikwa. Nilimsomea. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, siwezi kumpa mtu dawa ambayo siijui. Itabidi tuanze upya."

Muuguzi yule alikuwa na haki. Lakini kwa huyu ndugu yangu, kuanza upya ilikuwa ni mara ya nne. Ndiyo sababu leo nimeshika kalamu.

Nijitambulishe kwa ufupi. Nilizaliwa Karagwe, mkoani Kagera, kwa wazazi waliokimbia Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nilisoma kwa Kiswahili, nikaimba wimbo wa taifa wa nchi isiyo yangu, nikarudi nyumbani nikiwa kijana. Sasa nafundisha. Huyu mtoto wa shangazi, ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina, alirudi baadaye. Ni mmoja wa maelfu waliovuka Rusumo mwaka 2013, Serikali ya Tanzania ilipowaondoa Kagera watu waliohesabiwa kuwa hawana vibali. Alikuwa na miaka 17. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe, lakini ng'ombe walibaki ng'ambo, na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuombea maji tu.

Alipata kibarua cha kupakia na kushusha mizigo ya malori. Huko ndiko alikoanza kunywa kanyanga. Baada ya miaka kadhaa akaanza kusikia sauti zikimwita usiku. Shangazi alimpeleka kwenye maombi, kama wazazi wengi wanavyofanya. Baadaye mhudumu wa afya wa kijiji alimshauri ampeleke kituo cha afya, akaandikiwa rufaa, akaanza dawa, akapata nafuu. Hilo lilikuwa faili la kwanza.

Siku moja alikutwa sokoni amelewa pamoja na vijana wengine, wakachukuliwa wote kama wazururaji. Akapelekwa mahali pa kurekebishwa tabia. Huko alikaa miezi mingi bila kugusa pombe na akajifunza useremala. Meza ninayosahihishia madaftari ya wanafunzi wangu ameitengeneza yeye, na ni meza nzuri. Mtenda jema astahili shukrani. Lakini karatasi zake za hospitali hazikumfuata huko. Yeye mwenyewe, kwa aibu, hakusema kwamba anatumia dawa za akili, wala hakuna aliyemuuliza. Hilo likawa faili la pili, na ndani yake hamkuwa na neno hata moja kutoka faili la kwanza.

Aliporudi nyumbani, kituo cha afya hakikupata barua yoyote. Katika mwezi wa nne sauti zilirudi, na kanyanga nayo ikarudi. Safari hii alivuka mpaka kwenda Benako kwa rafiki zake wa zamani, akaugua huko, akatibiwa kwenye zahanati, akarudi na ile bahasha. Kama bahasha ni faili, basi hilo ndilo la tatu.

Naomba nieleweke. Kila alikopita alikuta watu waliofanya kazi waliyopangiwa. Ninacholalamikia ni mpangilio wenyewe: mtu mmoja, maradhi mawili yaliyofungamana, na ngazi za uongozi zisizozungumza. Ukiuliza nani anawajibika kwa afya ya kijana huyu kuanzia Januari hadi Desemba, hupati jibu.

Tuutazame mpangilio huo ulivyo. Upande wa magonjwa ya akili, nchi yetu imetoka mbali. Hospitali ya Ndera ilifunguliwa na shirika la Mabruda wa Upendo mwaka 1972, na kwa miaka mingi ukisema Ndera watu walielewa kichaa. Mwaka 1994 wagonjwa waliokuwa ndani yake, pamoja na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Baada ya hapo taifa zima lilikuwa na majeraha ya moyo, na madaktari wa kuyatibu hawakuwapo. Marehemu Dakta Naasson Munyandamutsa, bingwa wa magonjwa ya akili aliyesomea Uswisi, alirudi akaanza kazi ambayo ingewatosha madaktari mia. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanajua maana ya kurudi mahali ambapo hujui nani yuko hai. Yeye alirudi hivyo, akafungua mlango kwa wagonjwa.

Mwaka 1995 ikaandikwa sera ya taifa ya afya ya akili. Wazo lake kuu lilikuwa jema: huduma isibaki Ndera, ishuke wilayani. Leo hospitali za wilaya zina wauguzi wa magonjwa ya akili, vituo vya afya vinapokea wagonjwa, na bima ya afya ya jamii, ile mituweli, inahusika na matibabu hayo kama yalivyo mengine. Wizara ya Afya ndiyo inayoongoza ngazi hii yote, kupitia taasisi yake ya RBC.

Upande wa pili ni wa ulevi na dawa za kulevya, na hapa ngazi ni nyingine kabisa. Sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018 iliandika kwamba anayetumia dawa za kulevya anaweza kufungwa mwaka mmoja hadi miwili, au kupewa kazi za jamii. Kanyanga nayo imo katika orodha ya serikali ya vilevi vilivyopigwa marufuku. Kisiwa cha Iwawa, katika Ziwa Kivu, kimekuwa kikipokea vijana wa kiume tangu mwaka 2010 ili waachishwe ulevi na wafundishwe kazi za mikono. Vipo na vituo vingine, kama Gitagata wilayani Bugesera. Mwaka 2017 ikaundwa kwa sheria idara ya taifa ya kusimamia kazi hii ya kurekebisha tabia, na idara hiyo haikuzaliwa ndani ya Wizara ya Afya. Kwa hiyo mgonjwa wa akili huingia kwa mlango wa muuguzi, na mlevi huingia kwa mlango wa mwanausalama wa mtaa.

Na yule aliye vyote viwili? Huyo huingia kwa mlango utakaomkuta wazi siku hiyo. Akikutwa analia, ni mgonjwa. Akikutwa analia na chupa mkononi, ni mzururaji.

Wataalamu wanatwambia, na sisi walimu tunajionea, kwamba mambo haya mawili hutembea pamoja. Wapo wanaokunywa ili sauti zinyamaze, na wapo ambao sauti zilianza kwa sababu ya kunywa. Tena kuna hatari ya mwili. Mtu aliyezoea pombe kali kwa miaka, akikatishwa ghafla bila uangalizi wa kitabibu, anaweza kupata degedege na hata kufa. Mtu anayetumia dawa za akili, zikikatishwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kwa hiyo swali la nani anampokea mtu huyu siku ya kwanza, na anamuuliza nini, ni swali la uhai.

Ukubwa wa jambo lenyewe haufichiki. Utafiti wa taifa uliofanywa na RBC mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 20.5 ya watu walikuwa na angalau tatizo moja la akili, na miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari ilikuwa asilimia 52.2. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba zaidi ya watu 6 katika kila 10 walijua mahali pa kupata msaada, lakini waliosema wamezitumia huduma hizo walikuwa asilimia 5.3 tu. Watu wanaujua mlango, lakini hawaingii.

Kwa nini hawaingii? Aibu ni sababu mojawapo. Lakini mimi naongeza nyingine ninayoisikia sokoni na kwenye mikutano ya wazazi: watu wanaogopa kwamba mlango mmoja utawatupa kwenye mwingine. Mama anaogopa kumpeleka mwanawe anayekunywa kanyanga kwa muuguzi, kwa sababu anadhani habari zitafika kwa wanausalama kabla dawa haijafika mdomoni. Huenda hofu yake haina msingi. Lakini ni nani amewahi kusimama mbele yake kumwambia waziwazi, "Mama, ukija hapa, haya ndiyo yatakayofuata, na haya hayatafuata"?

Wapo watakaoniambia kwamba mwalimu anaota, nchi ni maskini, mpangilio wa namna hiyo hauwezekani. Nawajibu kwa jambo moja tunaloliona kwa macho kila mwaka. Inapofika tarehe 7 Aprili, wiki ya maombolezo inapoanza, kila penye mkusanyiko utawakuta watu waliofundishwa kuwasaidia wenye ihahamuka. Mtu akianza kupiga kelele, hakuna anayemwita mzururaji. Anashikwa mkono, anakaa pembeni, anapewa maji, anasikilizwa, na ikizidi kuna gari la kumpeleka hospitali. Afya, serikali za mitaa, polisi na vijana wa kujitolea wanajua kila mmoja anaanzia wapi na anaishia wapi. Aprili tunaweza. Basi kinachotushinda Septemba si umaskini peke yake.

Tuwatazame na majirani, kwa kuwa sisi tunaoishi mpakani tunawaona kila siku. Tanzania ilitunga sheria ya afya ya akili mwaka 2008. Uganda ilitunga yake mwaka 2018, ikaiweka kando ile iliyokuwa na mizizi ya enzi za ukoloni. Kenya iliirekebisha sheria yake mwaka 2022 na kuzipa serikali za kaunti majukumu katika huduma hizi. Sisemi kwamba huko wagonjwa wanakula asali. Nimeishi ng'ambo, najua tofauti ya sheria na foleni ya dirisha la dawa. Lakini sheria ya namna hiyo inajaribu kujibu maswali ambayo kwetu mtu wa kawaida hajui amuulize nani: ni nani anaweza kumlaza mtu asiyekubali kulazwa, kwa muda gani, na ni nani anayekagua.

Tanzania ina funzo lingine. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni watu waliozama kwenye heroini, na mwaka 2015 ikatungwa sheria iliyounda mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya. Methadoni haiponyi kanyanga, hilo tuliweke wazi. Funzo ninalolitaka ni la utawala: chombo cha kuwasaka wauzaji kipo, na kliniki ya kumtibu mtumiaji nayo ipo, inasimamiwa na watu wa afya. Mtumiaji huenda kliniki kila siku kwa miguu yake, anameza dawa mbele ya mhudumu, anarudi kwake. Anajulikana kwa namba ya mgonjwa.

Naijua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuidharau. Mfanyabiashara aliyevunjiwa duka na vijana walevi hataki kusikia habari za mafaili. Anataka usalama. Dereva wa lori aliyechaniwa turubai usiku Rusumo hali kadhalika. Nawaelewa, shangazi yangu mwenyewe aliibiwa jiko na mwanawe. Lakini tazameni hesabu. Kijana aliyechukuliwa, akakaa mwaka, akarudi bila dawa na bila wa kumfuatilia, atakuwa mlangoni pa duka lako tena kabla ya msimu wa mahindi kwisha. Aliyeiba ashitakiwe. Anayeumwa atibiwe. Aliyefanya yote mawili apate yote mawili, kwa utaratibu ulioandikwa na unaojulikana.

Basi napendekeza mambo manne, na sidhani kama hata moja lina gharama ya kututisha.

La kwanza, faili liwe moja na limfuate mtu. Kila anayeingia kwenye kituo cha kurekebisha tabia, awe wa kiume au wa kike, aonwe na muuguzi wa magonjwa ya akili siku za mwanzo, na muuguzi huyo awajibike kwa hospitali ya wilaya. Swali "unatumia dawa gani?" liulizwe kabla ya swali "ulikamatwa wapi?"

La pili, siku ya kutoka isiwe siku ya kupotea. Kabla mtu hajapanda gari la kurudi kwao, barua ifike kituo cha afya cha tarafa yake, ikiwa na tarehe ya kuonana na muuguzi, na mhudumu wa afya wa kijiji apewe jina lake. Tunao wahudumu hao katika kila kijiji. Wanafuatilia wajawazito na watoto wenye malaria kwa bidii ambayo nchi nyingine zinakuja kujifunza. Hawawezi kushindwa kumtembelea seremala mmoja.

La tatu, pawepo ukaguzi wa watu wasiolipwa na vituo vyenyewe. Kamati ya wilaya ingetosha, ikiwa na daktari, mwanasheria, mzazi, na mtu mmoja aliyewahi kuwa mle ndani. Kila mwaka wachapishe hesabu: walioingia, waliotoka, waliorudia, waliofariki. Tunachapisha matokeo ya mitihani ya watoto wa darasa la sita. Tunaweza kuchapisha na haya.

La nne ni letu sisi wa mpakani. Malori yanakaguliwa Rusumo kwa utaratibu wa pamoja wa nchi mbili tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa mwaka 2016. Karatasi ya mzigo wa mchele inakubalika pande zote mbili za daraja. Karatasi ya mgonjwa haina utaratibu kama huo. Hospitali za wilaya za pande mbili zingekubaliana juu ya fomu moja fupi, yenye jina la ugonjwa, jina la dawa na kipimo chake, mtu kama ndugu yangu asingelazimika kuanza upya kwa sababu ya jasho la mfukoni.

Wakati tukiyasubiri hayo, wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, nanyi mna sehemu yenu. Wale vijana wanaowabebea mizigo mnawajua kwa majina, na mnaona kabla ya sisi sote nani ameanza kuongea peke yake. Msimlipe mtu ujira wake kwa kanyanga, kama baadhi yenu mnavyofanya. Wala msiwanunulie abarembetsi wanaoivusha kutoka kaskazini, halafu jioni mkalalamika kwamba vijana wameharibika.

Nanyi mliorudi kama mimi, kutoka Tanzania, Kongo, Uganda au Burundi, msiitupe karatasi ya hospitali ya kule mlikotoka, hata kama imeandikwa kwa lugha ambayo hapa haisomwi. Mwalimu wa Kiswahili hakosekani. Watu wetu walirudi na mabegi yaliyojaa vyeti vya shule kwa sababu tulijua vitaulizwa. Cheti cha dawa nacho kitaulizwa.

Ndugu yangu sasa ana miezi mitano ya dawa mpya. Muuguzi yule wa benchi alikubali kumwandikia karatasi mbili, moja ibaki kituoni na moja akae nayo mwenyewe. Shangazi ameishonea mfuko wa plastiki ndani ya koti. Huo ndio mpango wa afya ya akili tulio nao katika familia yetu: mfuko wa plastiki na uzi mweusi. Umefanya kazi hadi sasa. Lakini mfuko ule haumjui kijana mwingine aliyekamatwa sokoni wiki iliyopita, ambaye hana shangazi wa kumshonea. Huyo anawategemea wenye mamlaka wakae meza moja, waamue faili lake litakaa kwa nani.